Theda Bara hakuzaliwa Misri, wala si sauti iliyomwondoa kwenye sinema

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa onyesho dogo la filamu za zamani kwa wanafunzi wenzangu. Nimekutana na picha ya mwanamke aliyepaka wanja mzito, kifuani kavaa nyoka wa chuma waliojiviringisha. Maelezo yake yanasema huyo ni Theda Bara, Mwarabu wa Misri, nyota wa kwanza wa Kiarabu Hollywood, aliyecheza Cleopatra mwaka 1917, na kwamba filamu zenye sauti zilipokuja ndizo zilizommaliza. Hiyo Cleopatra nimeitafuta kila mahali sijaipata. Je, haya ni kweli? Na kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona aliwika miaka michache tu? Nikitaka kuwaonyesha wenzangu filamu yake moja, nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchapisha mabango. Katika maelezo uliyoyakuta, la kweli ni moja: alicheza Cleopatra mwaka 1917. Yaliyobaki ni uongo, tena wa aina mbili. Huo wa Misri ulitungwa makusudi na watu waliokuwa wakilipwa mshahara kuutunga. Huo wa sauti umezuka baadaye, kwa kuwa watu wamezoea kudhani kila nyota wa filamu bubu aliangushwa na sauti.

Mwanamke huyo alizaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, Julai 29, 1885, akaitwa Theodosia Burr Goodman. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Poland na kufanya kazi ya ushonaji. Mama yake alikuwa na asili ya Uswisi. Alisoma hapo hapo mjini, akafika hadi Chuo Kikuu cha Cincinnati, akakaa miaka miwili, kisha akaacha na kwenda New York kutafuta jukwaa. Mwaka 1908 alipata nafasi Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, akijiita Theodosia de Coppet, jina la upande wa mama. Baada ya hapo ni miaka ya kuzungukazunguka na kampuni za maigizo bila kupata jina lolote. Anapoingia kwenye filamu mwaka 1914, katika kijisehemu kidogo cha filamu iitwayo The Stain, ana miaka 29. Kwa mwigizaji wa kike wa wakati ule huo ulikuwa umri wa kuanza kuambiwa umechelewa, na ndiyo maana baadaye kampuni ilimpunguzia miaka.

Mwongozaji wa The Stain, Frank Powell, ndiye aliyemwona. Powell alikuwa akijiandaa kumtengenezea William Fox filamu nyingine, akamchukua. Fox mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa kumbi za sinema New York aliyeamua kutengeneza filamu badala ya kuzikodi kwa wengine. Kampuni yenye jina lake, Fox Film Corporation, ilianzishwa mwanzoni mwa 1915. Malipo ya Bara ya kuanzia yalikuwa dola 150 kwa wiki.

Filamu hiyo ni A Fool There Was, na ilitoka Januari 1915. Imetokana na tamthilia ya Broadway, ambayo nayo ilichukua mzizi wake kwenye shairi la mwandishi Mwingereza Kipling liitwalo The Vampire, yaani mnyonya damu. Usitegemee mnyonya damu mwenye meno marefu. Mhusika wa Bara hata jina hana. Kwenye orodha ya wahusika ameandikwa hivyo hivyo, The Vampire, na kazi yake ni kuwafilisi wanaume wenye cheo na familia, mmoja baada ya mwingine. Anayeangamizwa mbele yetu ni wakili mwanadiplomasia anayetumwa Uingereza kwa kazi ya serikali, akamwacha mke na binti nyumbani, na yule mwanamke akakata tiketi ya meli ile ile.

Kuna tukio moja kwenye sitaha ya meli hiyo linalofaa kutazamwa mara mbili. Mwanamume aliyekwisha kuharibiwa, yule wa kabla ya mwanadiplomasia, anamfuata Bara bastola mkononi. Kila mtu mwingine katika filamu hii hutupa mikono hewani jambo likimgusa. Bara hafanyi hivyo. Ana ua mkononi, analitumia kuisogeza bastola pembeni, anacheka, na maandishi kwenye skrini yanasema: “Nibusu, mpumbavu wangu!” Yule bwana anajipiga risasi mwenyewe. Maneno hayo yalizagaa Marekani nzima, yakawa utani wa mitaani. Mwishoni kabisa mwanadiplomasia amelala hoi, na Bara anamnyunyizia petali za waridi huku akitabasamu. Filamu za miaka ile zilikuwa na desturi ya kumwadhibu mwanamke wa namna hiyo kabla taa hazijawashwa. Hii haikumwadhibu, na nadhani nusu ya mshtuko wa watazamaji ulitokana na hapo.

Sasa tuje kwenye Misri yako. Fox alikuwa na watu wawili wa matangazo, Al Selig na John Goldfrap, na kwa lugha ya vijana wa leo hao walikuwa mabingwa wa kiki. Theda ni kifupi tu cha Theodosia, na Bara lilitoka upande wa ukoo wa mama. Wao wakatangaza kwamba amezaliwa jangwani kwenye kivuli cha Sfinksi, ile sanamu kubwa ya kale ya Misri, baba msanii wa Ulaya, mama wa Kiarabu. Toleo jingine likamfanya mama mwigizaji wa Kifaransa, na hawakuona haja ya kuyapatanisha. Wakaonyesha kwamba herufi za Theda Bara ukizipangua zinatoa “Arab Death”, yaani kifo cha Kiarabu. Wakampiga picha akiinamia mifupa ya binadamu, nywele zimemwagika. Huko Chicago waliwaita waandishi wa habari kwenye chumba cha hoteli kilichofunikwa mapazia na kupashwa moto kupita kiasi, ati mgeni kutoka jangwani hastahimili baridi ya Januari. Louella Parsons, mwandishi wa habari za sinema, alisimulia kwamba wenzake walipotoka tu, “Mwarabu” alikimbilia dirishani, akalifungua na kuomba hewa.

Je, watu waliamini? Waandishi wengi walijua ni mchezo na bado waliuchapisha, kwa sababu unauza. Cincinnati walimjua mtoto wao. Mwaka 1917 familia yake nzima ilibadilisha jina kisheria kutoka Goodman kuwa Bara, na jambo hilo likaandikwa magazetini bila kumpunguzia hata mtazamaji mmoja. Kilichonikera miaka yote ni kwamba uongo wa kuuzia tiketi mwaka 1915 leo unarudishwa kwetu kama historia ya Afrika na Waarabu, halafu wanawake wa Misri waliofanya filamu kweli hawatajwi. Kama unataka jina la Kimisri la enzi ya filamu bubu, mtafute Aziza Amir, aliyetayarisha na kucheza Layla mwaka 1927 huko Cairo. Huyo hakuhitaji Sfinksi ya kukodi.

Hata ule wanja hautokani na asili yake. Filamu iliyotumika kwenye kamera za wakati ule ilikuwa haioni rangi nyekundu: mdomo mwekundu ulitoka mweusi, shavu lenye damu lilitoka na kivuli, na macho ya samawati yalififia mpaka yakakaribia kuwa meupe. Waigizaji wote walipaka uso rangi nyeupe na kuyazungushia macho weusi ili yaonekane. Kwa Bara walizidisha, na kuzidisha huko ndiko kukawa alama ya biashara.

Ufupi wa safari yake, kwa maoni yangu, unaanzia hapo hapo kwenye ushindi. Fox alikuwa amepata bidhaa moja iliyonunuliwa, na akaizalisha kwa kasi ya kiwandani. Mwaka 1915 peke yake Bara alitokea katika filamu kumi. Mwaka uliofuata nane. Nyingi zilipigwa Fort Lee, New Jersey, ng’ambo ya mto kutoka New York, studio ya kioo yenye joto kiangazi na baridi kipupwe. Angalia baadhi ya majina ya filamu zake: Sin, The Serpent, The Vixen, The Tiger Woman, The She-Devil. Dhambi, nyoka, mbweha jike, chui, shetani jike. Mtazamaji alikuwa anajua hadithi kabla ya kununua tiketi, na kwa muda fulani hicho ndicho alichokifuata.

Yeye alitaka kutoka humo, na alijaribu. Mwaka 1916 alicheza Juliet katika Romeo and Juliet, bahati mbaya wakati ule ule kampuni ya Metro ikitoa ya kwao. Mwaka huo huo alicheza East Lynne, hadithi ya mke anayedanganywa, anaiacha nyumba yake, kisha anarudi kwa kujificha sura na kuajiriwa kama mlezi wa watoto aliowazaa mwenyewe. Hapo Bara ni mama anayemuuguza mwanawe bila ruhusa ya kuitwa mama. Hadithi ya The Soul of Buddha ya mwaka 1918 aliiandika yeye. Kila alipocheza mwanamke mwema kampuni ilimrudisha kwenye shetani, maana huko ndiko foleni zilikuwa ndefu. Mshahara ulipanda mpaka dola 4,000 kwa wiki, na mtu anayelipwa hivyo ana nguvu ndogo ya kukataa kuliko unavyodhani. Kampuni inakuwa imempigia hesabu tayari.

Kilele ni hiyo Cleopatra, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1917. Kwa ajili yake alihamia California. Mwongozaji alikuwa J. Gordon Edwards, aliyemwongoza Bara katika filamu nyingi kuliko mtu yeyote, na Fox alimwaga fedha kwenye majumba, merikebu na mavazi kwa kiwango ambacho kampuni yake haikuwa imewahi kukifikia. Ilidumu takriban saa mbili, urefu mkubwa kwa wakati ule. Mavazi yalikuwa machache kwa kitambaa, na bodi ya udhibiti ya Chicago ikaamuru vipande kadhaa vikatwe. Picha uliyoiona ya nyoka kifuani inatoka huko, ila elewa kwamba ni picha ya mnato iliyopigwa kwa ajili ya matangazo. Karibu kila kitu tunachokijua kwa macho kuhusu filamu hiyo ni picha za aina hiyo.

Baada ya Salome ya mwaka 1918 mambo yalianza kulegea, na ndani ya mwaka mmoja yalikwisha. Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Kwanza alikuwa na waigaji kila kona, wengine ndani ya kampuni yake mwenyewe: Fox alikuwa na Valeska Suratt na Virginia Pearson wakicheza wanawake wa aina ile ile. Mwigo ukizidi, kitu cha asili nacho huonekana mwigo. Vichekesho vikaanza kumbeza yule mwanamke wa kujilaza kwenye ngozi ya mnyama. Vita vikaisha Novemba 1918, vijana wakarudi nyumbani, na mwanamke wa skrini aliyependwa sasa alikuwa binti mchangamfu anayecheza dansi na kuendesha gari. Yule wa kuangamiza koo za watu kwa jicho moja alikuwa amechuja.

Kisha likaja pigo la Kathleen Mavourneen, 1919. Hatimaye alipewa msichana mwema, maskini wa Ayalandi. Vikundi vya Wamarekani wenye asili ya Ayalandi vilikasirishwa na jinsi nchi yao ilivyoonyeshwa, na wengine wakasema wazi kwamba hawataki Myahudi amcheze binti wa Kiayalandi. Palikuwa na fujo kwenye kumbi. Fikiria kejeli yake: miaka minne walimpokea kama Mwarabu wa kubuni bila tatizo, na alipovua vazi hilo wakamkumbuka kuwa ni Myahudi. Mwisho wa mwaka huo mkataba wake na Fox ulifika ukingoni, na haukuhuishwa. Filamu ya The Lure of Ambition ndiyo iliyofunga hesabu.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1920 alirudi Broadway na tamthilia iitwayo The Blue Flame. Wahakiki waliichanachana, watazamaji wakacheka mahali pasipo pa kuchekwa, lakini tiketi zilinunuliwa kwa wingi kwa sababu kila mtu alitaka kumwona ana kwa ana. Mwaka 1921 aliolewa na Charles Brabin, mwongozaji mzaliwa wa Uingereza aliyemwongoza katika Kathleen Mavourneen. Alicheza filamu moja ya kampuni ndogo mwaka 1925, The Unchastened Woman, na mwaka 1926 kichekesho kifupi, Madame Mystery, ambacho Stan Laurel alikuwa mmoja wa waongozaji wake na Oliver Hardy mmoja wa waigizaji. Humo anajicheka yeye mwenyewe wa zamani. Akaishia hapo. Aliishi na mumewe kwa starehe, wakiwa na nyumba ya mapumziko Nova Scotia, Kanada, mpaka alipofariki Los Angeles Aprili 7, 1955.

Kwa hiyo hesabu ya sauti haikubali. Filamu iliyofungua mlango wa sauti, The Jazz Singer, ilitoka Oktoba 1927. Wakati huo Bara alikuwa ameondoka Fox kwa miaka minane. Na sauti yake ipo, unaweza kuisikia: mwaka 1936 alialikwa kwenye kipindi cha redio cha Lux Radio Theatre na kuzungumza kwa ufasaha wa mtu aliyelelewa jukwaani, akigusia hata wazo la kurudi kwenye filamu. Hakurudi.

Sasa sababu ya wewe kuikosa Cleopatra. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa naitreti, kemikali ya jamii moja na baruti. Ikizeeka inaanza kunata, inatoa gesi, inakuwa unga wa kahawia. Ikifungiwa mahali penye joto, gesi hiyo inaweza kuwaka bila kiberiti, na moto ukishashika, naitreti inajipa oksijeni yenyewe. Hata ukiizamisha majini inaendelea kuungua. Usiku wa Julai 9, 1937, katikati ya wimbi la joto, ghala lililohifadhi filamu za Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka. Lilikuwa jengo la matofali na zege, lililosifiwa kuwa halishiki moto, ila halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Ndimi za moto zilitoka madirishani hadi kwenye nyumba za majirani, na mvulana wa miaka 13 akafa kwa majeraha. Riili zaidi ya 40,000 zikateketea. Mabaki yalichukuliwa yakachujwe madini ya fedha yaliyomo ndani ya filamu, maana hiyo ndiyo thamani pekee ambayo wenye mali waliiona.

Na kusema kweli, hata bila moto mambo yalikuwa mabaya. Sauti ilipoingia, filamu bubu ilikuwa mzigo wa kulipia ghala. Kopi zilizozunguka kumbini zilitakiwa kurudishwa au kuharibiwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013 ikakadiria kwamba katika filamu ndefu bubu karibu 11,000 za Kimarekani, asilimia 70 zimepotea kabisa. Bara alicheza takriban 40, na zilizosalimika zikiwa na urefu wa maana unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Valeska Suratt niliyemtaja ana hali mbaya zaidi: hakuna hata moja. Kuhusu Cleopatra vipo vipande vifupi sana tu. Salome ilipata bahati kidogo. Kipande cha kama dakika mbili kilipatikana Hispania na kutangazwa mwaka 2021. Ukiona video ndefu inayodai kuwa Cleopatra ya 1917 nzima, ni picha za mnato zilizounganishwa. Ile yenye rangi na sauti ni ya mwaka 1963, Elizabeth Taylor, kampuni ile ile ya Fox ikiwa imeungana na nyingine.

Hapa ndipo naomba uwe mwangalifu unapowaambia wenzako kama alikuwa mwigizaji mzuri au la. Vitabu vingi vinamwita wa kutia chumvi, na vinategemea A Fool There Was, filamu aliyoicheza akiwa hajajifunza kamera. Hebu fikiria msanii yeyote wa leo ahukumiwe kwa kazi yake kubwa ya kwanza, kwa kuwa karibu nyingine zote zimefutika. Mimi nikitazama East Lynne naona mtu aliyeweza kutulia na kuacha uso ufanye kazi. Ushahidi ni mdogo, sikatai, ila unaelekea upande huo.

Kwa onyesho lako chukua A Fool There Was. Haina tena hakimiliki Marekani, inapatikana bure mtandaoni, na inakaribia saa moja na dakika saba. East Lynne ibakize kwa watakaovutiwa. Angalia jambo moja kabla ya siku yenyewe: filamu za miaka ile zilipigwa kwa kasi ndogo kuliko ya sasa, na kopi mbovu huzicheza haraka, watu wakatembea mbiombio kama wanafukuzwa. Ukiona hivyo, punguza kasi kwenye programu ya kuchezea video mpaka mwendo wa kawaida urudi. Muziki uliobandikwa kwenye kopi nyingi haufai. Ondoa sauti kabisa, tafuta mpiga kinanda. Na kwa kuwa maandishi ni ya Kiingereza, tafuta kijana mwenye kipaji kama wale maDJ wanaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza, mpe maikrofoni, mpe orodha ya maandishi siku mbili kabla. Mwambie tu asiongeze maneno kwenye tukio la bastola.